Shuka la Mtoto na Suti ya Jumapili



Katika Kutoka sura ya 19 twasoma kwamba wana wa Israeli, kabla ya kukutana na Mungu penye mlima Sinai, waliagizwa kufua nguo zao. Nao walikuwa jangwani.

Sisi nasi twaujua uhaba wa maji. Mnamo Januari 2017 maji ya bwawa la Ndakaini yalipungua hata Nairobi ikagawiwa maji kwa zamu, na wengi wetu bado hununua maji kwa mtungi wa lita 20. Basi swali si kufua mara ngapi tu, bali kuanza na nini.

Mara nyingi twaanza na kile kionekanacho: suti ya baba na pazia la sebuleni. Lakini suti iliyovaliwa ibadani tu yatosha kutundikwa penye hewa, na pazia laweza kungoja miezi. Kisichongoja ni kigusacho ngozi. Chupi na soksi zifuliwe kila zivaliwapo. Taulo likiisha kutumiwa mara 3 au 4. Mashuka na foronya kila juma. Blanketi laweza kukaa mwezi na zaidi, mradi lianikwe juani. Na maji ya kusuuzia yasimwagwe. Yatapigia deki na kuoshea choo.

Mtoto akijikuna usiku, hasa katikati ya vidole, huenda ni upele. Mpelekeni zahanati. Wote wa nyumba hiyo watibiwe siku moja, na siku hiyo hiyo mashuka na nguo walizotumia zifuliwe kwa maji ya moto. Kisichofulika kifungwe kabisa siku 3 au zaidi, maana mdudu wa upele haishi sana mbali na mwili wa mtu. Mkimtibu mmoja na kuwaacha wengine, utarudi. Wala msimcheke jirani: upele hupita ngozi kwa ngozi, hata kwa mtu aogaye kila siku.

Ndugu zangu, suti yako itaonwa na kanisa zima. Shuka la mtoto halionwi na mtu ila yeye alaliaye, na Mungu. Na tuanze hapo.

Bwana awabariki nyumbani mwenu. Amina.