Kupanga Midundo ya Kinanda kwa Kwaya za Upare: Tuanze na Kayamba

Ndugu walimu wa kwaya na wapiga vinanda,

Lalamiko mnalifahamu. Wimbo ukipigiwa ngoma na kayamba, kwaya inacheza. Ukiingizwa kwenye kinanda, unachechemea. Lawama humwangukia mpigaji. Mimi naona kasoro huanza kabla noti ya kwanza haijarekodiwa, pale tunapochagua mgawanyo wa mapigo.

Vinanda vingi vikiwashwa huwa tayari kwenye nne kwa nne, na pigo hugawanywa mara nne. Nyimbo zetu nyingi za kuchezea hugawa pigo mara tatu. Tuchukue kinanda kinachokata pigo moja vipande 480. Mpiga kayamba anagonga kwenye 0, 160 na 320. Sasa bonyeza kitufe cha kunyoosha mapigo, ile kwantaizi, huku mistari ikiwa 0, 120, 240 na 360. Pigo la 160 linavutwa hadi 120, la 320 linasukumwa hadi 360. Mapigo matatu yaliyolingana yanakuwa fupi, refu, fupi. Hapo hata mchezaji hodari wa Chome atakosa pa kuweka mguu! Basi chagueni sita kwa nane, au kumi na mbili kwa nane, kabla ya kurekodi chochote.

Wengi wetu huanza na ngoma ya mguu kwa sababu spika inatikisa kanisa. Iwekeni mwisho. Katika utaratibu wa General MIDI wa mwaka 1991, ambao vinanda vingi huufuata, midundo hukaa chaneli ya 10: ngoma ya mguu ni noti 36, makofi 39, konga 63 na 64, marakasi 70. Marakasi ndiyo iliyo jirani na kayamba yetu. Ipigeni kwenye nafasi zote sita, lakini 1, 3 na 5 zipate nguvu ya 95 hivi, nyingine 50. Makofi yaje 1 na 4. Tayari mna tatu dhidi ya mbili, na wimbo umeanza kuzunguka. Konga ziingie baadaye, zirekodiwe kwa mkono bila kunyooshwa.

Wenzetu Wasabato, waliopo Upare tangu walipofika Mamba mwaka 1903, wengi hawatumii ngoma ibadani. Kwao hesabu haibadiliki; ihamishieni kwenye besi na mkono wa kulia.

Jambo la umeme. Katika vinanda vingi, mdundo ulioutengeneza hukaa kwenye kumbukumbu ya muda na hupotea kinanda kikizimika. Huku milimani umeme haupigi hodi ukikatika, kwa hiyo hifadhini kwenye flashi kila mnapomaliza sauti moja.

Baada ya chai tutarekodi kwa vitendo. Waliokuja na kayamba wakae mbele, wapige wao kwanza. Mwenye kinanda atawafuata.