Ahadi ni Deni



Majuma machache yaliyopita, binti mmoja wa parokia yetu hapa Nyeri alinijia jioni, bahasha mkononi. Ni mwanafunzi wa chuo kikuu, na kwa miaka mitatu amewafundisha watoto wetu shule ya Jumapili. Alikuwa amepata nafasi ya kwenda Marekani kufanya kazi katika kambi ya watoto wakati wa kiangazi. Huko wazazi wengi huwapeleka watoto kambini kwa majuma kadhaa, waogelee ziwani, watembee msituni na kuimba kando ya moto. Vijana wa vyuo, wa huko na wa nchi nyingine, huwaamsha, huwafunga vidonda, na kuwatuliza usiku wanapowalilia mama zao.

Pasipoti alikuwa nayo, na cheti cha polisi cha tabia njema, na nauli. Ilibaki barua ya mchungaji, kwamba namfahamu na kwamba aweza kuaminiwa na watoto wa watu. Nikaanza kuandika kwa furaha. Katikati ya kuandika nikamwuliza, kama mzazi, "Utarudi lini, binti yangu?"

Akainamisha kichwa. "Mchungaji, nyumbani wanasema nisirudi."

Kalamu yangu ikasimama. Viza ya kazi hiyo haizidi miezi minne, na huko ubalozini Nairobi angeulizwa juu ya kurejea kwake. Jamaa zake walikuwa wamemfundisha kujibu "nitarudi", huku wakipanga abaki. Lakini msiwahukumu upesi. Shamba lao la kahawa ni dogo, wadogo zake wawili wanadaiwa karo, na baba ameuza ng'ombe kwa ajili ya safari hiyo. Nani kati yetu hajui uzito wa karo? Mimi mwenyewe nilijaribiwa kuimaliza ile barua na kunyamaza.

Zaburi ya 15 yauliza ni nani awezaye kukaa hemani mwa Mungu. Twatazamia tusikie habari za sadaka kubwa au maombi marefu. Lakini miongoni mwa wanaotajwa yumo mtu aliyeapa, akaona kiapo chake kinamletea hasara, na bado hakubadili neno lake.

Kesho yake nilimpeleka binti yule kwenye makaburi ya kanisa la Mtakatifu Petro, hapa mjini, alikozikwa Baden-Powell, mwanzilishi wa maskauti. Mwaka 1907 alipiga kambi na wavulana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza. Miaka yake ya mwisho aliishi hapa Nyeri, akafariki Januari 1941. Kwenye jiwe lake pana duara lenye nukta katikati. Skauti akiiona alama hiyo njiani hujua kwamba aliyeiweka amekwenda nyumbani.

Nikamwambia, "Mama wa Marekani atalala usingizi kwa sababu ameambiwa kwamba wewe ni mtu wa kweli. Ukiingia kambini kwa uongo, utamlindia mtoto wake kwa neno gani?"

Sisemi kwamba kuvuka bahari ni dhambi. Wako waliobaki ng'ambo kwa njia iliyo wazi, nao hutusaidia sana. Lakini wala kurudi si hasara. Mwaka 1960 binti mwingine wa Nyeri, Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe, alikwenda Marekani pamoja na wanafunzi waliosaidiwa kwa juhudi za Tom Mboya na wenzake. Alisoma Kansas na Pittsburgh, akarudi mwaka 1966. Mwaka 1977 alianzisha kazi ya kupanda miti pamoja na akina mama, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Siku ya tatu binti yetu aliwaambia wazazi wake kwamba atakwenda, atafanya kazi, na atarudi na akiba yoyote atakayojaliwa. Mama yake alilia. Baba yake alikuja kwangu akauliza neno moja tu: "Na karo je, Mchungaji?"

Sikuwa na jibu la kumtosha. Nilikwenda kwa wazee wa kanisa, na Jumapili tukaanza kuchanga. Fedha hazijatimia bado. Maana, ndugu zangu, tukimwambia kijana aseme kweli, kisha tukamwacha peke yake aibebe hasara yake, tumemhubiria nusu ya Injili.

Barua niliiandika. Kila neno lililomo naweza kulisoma mbele za Mungu.

Wewe unayesikiliza, je, iko ahadi uliyoitoa kwa midomo, na moyoni umekwisha kuivunja? Irudie leo.

Na tuombe. Ee Bwana, uliye mwaminifu kwetu siku zote, uwalinde vijana wetu waendao mbali. Uwape neno la kweli, nasi utupe mikono ya kuwasaidia kulishika. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.