Somo la Afya: Vidole Vinapokufa Ganzi

 

Kila mmoja na apapase kiwiko chake, upande ulio karibu na mwili. Utagusa mfupa uliotokeza. Nyuma yake umepita mshipa wa fahamu. Ukijigonga hapo, mkono hushtuka mpaka kidole cha mwisho.

Kwa mshipa huu tunapata fahamu ya kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete. Pia hutia nguvu nyama ndogo za kiganja. Ukikunja mkono, mshipa huvutika na njia yake hubana. Ukiukunja kwa muda mrefu, vidole hivyo viwili hufa ganzi. Hutokea hasa usiku, maana wengi wetu hulala tumekunja mikono.

Ganzi ikiwa inakuja na kuondoka, mara nyingi mtu hupona bila kupasuliwa. Fanyeni hivi:

Kwanza, msiegemee viwiko juu ya meza, wala juu ya dirisha la gari. Fundi cherehani aweke kitambaa laini chini ya kiwiko.

Pili, msikae muda mrefu mkono umekunjwa. Mwenye kuzungumza kwa simu abadilishe mkono.

Tatu, wakati wa kulala, zungusha taulo kwenye kiwiko, ulifunge kwa kitambaa. Lisibane. Kazi yake ni kuuzuia mkono usikunjike sana.

Nne, kuwa na subira. Mshipa hupona polepole, kwa majuma mengi, pengine miezi.

Lakini sikilizeni vizuri. Je, ganzi haiondoki? Je, vikombe vinakuponyoka? Je, kufunga vifungo vya shati ni taabu? Je, nyama iliyo kati ya kidole gumba na kidole cha shahada imepungua? Basi usingoje. Nenda hospitali, maana nyama iliyokwisha huenda isirudi. Nenda pia ukiona baka la ngozi lisilo na fahamu. Ukoma nao hudhuru mshipa huu, na ukoma una dawa ya kuuponya.

Sasa andikeni majibu katika daftari zenu:

1. Ni vidole gani hufa ganzi?
2. Kwa nini ganzi huzidi usiku?
3. Taja dalili mbili za kumpeleka mtu hospitali.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.