Mtaji Wetu ni Watu: Kijana wa Mombasa na Ukuaji wa Uchumi

(Mada iliyosomwa mbele ya vijana na wazazi baada ya sala ya tarawehe, na kupangwa upya kwa ajili ya jarida letu la Ramadhani.)



Himdi zote anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu yangu msomaji, dada yangu, na nyinyi wazazi wetu mnaosoma kurasa hizi mkisubiri adhana ya magharibi, mada niliyopewa ni uchumi. Najua neno hili huwafanya wengi wafungue ukurasa mwengine. Nakuomba uvumilie kidogo. Uchumi ninaotaka kuuzungumza ni wako wewe unayevuka Feri asubuhi kwenda kazini, na wako wewe usiyekuwa na kazi ya kukuvusha.

Swali langu ni hili. Bandari yetu ndiyo kubwa kuliko zote Afrika Mashariki. Mwaka 2024 ilipitisha zaidi ya tani milioni 40 za mizigo. Mbona basi katika mji huu huu kuna vijana wengi mno wanaoshinda barazani, wakiziangalia meli zikiingia na kutoka?

Mtaji ni nini?

Muulize mfanyabiashara wa Marikiti mtaji ni nini, atakwambia ni pesa za kununulia bidhaa. Muulize mwenye matatu, atakwambia ni gari. Wote wamesema kweli, ila wamesahau mtaji mmoja, nao ni ule ulio ndani ya mtu mwenyewe: elimu yake, ufundi wa mikono yake, afya ya mwili wake, na tabia yake ya kuamka mapema na kutimiza ahadi. Wachumi huuita rasilimali watu.

Pamoja na neno hilo liko neno jengine, tija. Tija ni kile kinachopatikana kwa muda na jasho lililotumika. Chukua mafundi wawili wa friji. Wa kwanza hukisia. Abadilisha kifaa hiki, kikikataa abadilisha kile, mpaka jioni ameshinda na friji moja na mteja amekasirika. Wa pili ana mita ya kupimia umeme na anajua kuisoma. Saa moja haijapita ameshajua ubaya uko wapi, na jioni ametengeneza friji nne. Jua ni lile lile na saa ni zile zile. Kilichozidi ni ujuzi. Sasa wajumlishe mafundi hawa na walimu, wavuvi, wakulima, makarani na wauguzi, hiyo ndiyo nchi. Wakiwa wengi ni wa namna ya pili, nchi hukua na malipo hupanda. Wakiwa wengi ni wa namna ya kwanza, watu huchoka na nchi isifike popote.

Mwaka 1960 mchumi wa Marekani, Theodore Schultz, aliwahutubia wachumi wenzake akawaeleza kwamba pesa za shule na za hospitali ni uwekezaji kama zilivyo pesa za kununulia mashine. Aliwakumbusha kwamba baada ya Vita Vikuu vya Pili nchi zilizobomolewa ziliinuka upesi kuliko walivyotarajia wataalamu. Sababu ni kuwa walivihesabu viwanda vilivyovunjika, wakasahau kuuhesabu ujuzi wa watu uliosalimika. Mwaka 1979 alipewa Tuzo ya Nobeli pamoja na Arthur Lewis, mzaliwa wa kisiwa kidogo cha Saint Lucia.

Na sisi tuko wapi? Mwaka 2020 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba mtoto anayezaliwa Kenya, kwa hali ya elimu na afya ilivyo, akikua atakuwa na tija ya asilimia 55 tu ya ile ambayo angekuwa nayo lau angepata elimu kamili na afya timamu. Hebu fikiri, karibu nusu ya mtaji wa mtoto inapotea kabla hajaanza kazi.

Saa zinazopotea Feri

Usidhani tija ni ya darasani peke yake. Njoo usimame hapa Feri saa moja asubuhi. Inakadiriwa kuwa watu wapatao 300,000 huvuka kila siku baina ya Likoni na kisiwani. Tufanye hesabu ya mfano. Mtu mmoja akipoteza nusu saa kungojea asubuhi na nusu saa jioni, kwa siku sita za wiki, kwa mwaka amepoteza saa kama 300. Ukizigawa kwa siku ya kazi ya saa nane, hizo ni zaidi ya siku 37. Yaani mwezi mzima na zaidi wa kazi, ambao hakulipwa na wala hakupumzika.

Kwa hiyo tunapowadai viongozi wetu vivuko vizima na barabara nzuri, tusione tunaomba anasa. Tunadai umri wetu. Lakini na sisi tujiulize, ile nusu saa ya foleni tunaifanyia nini? Wako wanaodurusu juzuu zao pale pale wamesimama, na wako wanaosoma masomo yao katika simu. Wengine sote twawajua, ni kugombana mambo ya mpira tu mpaka lango lifunguliwe.

Bandari inatufundisha nini?

Wazee wetu wengi walikuwa makuli. Walibeba magunia mgongoni, na mgongo huo ukawasomesha watoto. Kuanzia miaka ya 1970 makontena yakaingia. Kazi ya kundi zima la watu ikafanywa na winchi moja na dereva wake. Aliyekuwa na nguvu za mgongo peke yake akabaki nje ya geti. Aliyejua kuendesha mitambo, kusoma hati za mizigo au kutengeneza injini akabaki ndani.

Kisha mwaka 2017 ikaja reli mpya ya SGR, na mwaka 2019 ikatoka amri ya mizigo kupelekwa bara kwa reli. Madereva wa malori, wenye yadi za makontena, mama lishe, wote waliumia, na watu wa Mombasa wakaandamana. Amri ile iliondolewa Septemba 2022. Walioandamana walikuwa na haki, kwani haifai mji mzima kukatiwa riziki kwa karatasi moja. Lakini tuchukue na funzo: anayetegemea mzigo upite mbele ya mlango wake yuko mikononi mwa anayeupitisha mzigo. Mwenye ujuzi unaohitajika popote ana njia nyingi zaidi.

Mali isiyopigwa mnada

Wengi wetu hapa Mji wa Kale tuna jamaa Maskati. Historia yao ina mazingatio makubwa. Sultan Qaboos alipotawala mwaka 1970, Oman nzima ilikuwa na shule tatu tu za kisasa, zenye wanafunzi wavulana wasiofika elfu moja. Nchi ilikuwa na mafuta, lakini haikuwa na watu wa kutosha waliosoma wa kuziendesha ofisi, hospitali na shule.

Wakati huo huo walikuwako watu wenye asili ya Oman waliokulia Unguja, Pemba na mwambao huu. Wengi wao walipoteza mashamba, maduka na majumba yao baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964. Walipokaribishwa Oman, wengine walifika hawana kitu mkononi. Lakini walikuwa wamesoma. Wakawa walimu, wauguzi, makarani, wahandisi na maafisa wa serikali, na Kiswahili kikasikika katika ofisi za Maskati. Mikarafuu ilibaki Unguja. Hesabu, Kiingereza na uuguzi vilisafiri nao. Oman nayo haikutosheka na watu wa kuja. Ilijenga shule mpaka vijijini, za wavulana na wasichana, na mwaka 1986 ikafungua Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos.

Na sisi Waislamu tusingehitaji kumngojea mchumi wa Marekani atuambie haya. Vita vya Badr vilipiganwa ndani ya mwezi huu wa Ramadhani, mwaka wa pili wa Hijra. Mateka walitakiwa kujikomboa kwa mali. Wanahistoria wetu wamepokea kwamba mateka asiyekuwa na mali lakini anajua kuandika, fidia yake ilikuwa ni kuwafundisha watoto kumi wa Madina. Zingatia jambo hili. Umma mchanga, maskini, unahitaji kila dirhamu, na bado Mtume (S.A.W.) akakubali elimu ya watoto badala ya fedha, tena kutoka kwa mwalimu aliyekuwa adui jana yake.

Tulishawahi kufanya hapa hapa

Wapo watakaosema hayo ni ya Madina na ya Oman. Basi tazama hapa petu. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa kilianza kama MIOME, chuo cha ufundi kwa Waislamu wa Afrika Mashariki, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951. Sultan wa Zanzibar, Aga Khan na jamii ya Mabohora walichangia fedha. Baadaye kikawa Mombasa Polytechnic, na mwaka 2013 kikapewa hadhi ya chuo kikuu. Maelfu wamepita pale, Waislamu na wasiokuwa Waislamu.

Miaka ya 1980 wazee wa Kiislamu wa Pwani waliona watoto wetu wanaingia darasa la kwanza wakiwa nyuma ya wenzao. Wakaomba msaada kwa Aga Khan, na mwalimu wa hapa hapa, Bi Swafiya Said, akafanya kazi ya kuanzisha shule za chekechea ndani ya madrasa. Akina mama na mabinti wa mitaani wakafunzwa ualimu. Mpango ule ukaenea hadi Zanzibar na Uganda. Samaki mkunje angali mbichi, na hawa walimkunja vizuri.

“Nimesoma, kazi sina”

Nasikia wasemavyo wenzangu: “Mimi nina cheti, na mwaka wa tatu huu natembeza bahasha.” Ndugu yangu, sikukatalii. Ujuzi pasipo na mtaji wa pesa wala haki katika kuajiri ni kama jahazi lililokosa upepo. Kujuana kupo na hongo ipo, na ni wajibu wetu kuyapinga kwa sauti. Nchi inayomsomesha kijana kisha ikamwacha barazani imenunua mashine na kuiacha ipate kutu.

Lakini tusichanganye cheti na ujuzi. Wako waliokaa shule miaka minane na barua hawajui kuandika. Na wako wenye ujuzi mkubwa ambao hauna karatasi, kama mafundi wa kuchonga milango na waunda mashua, ambao hawajapata wa kumrithisha. Zote hizo ni hasara.

Tufanye nini?

Kwanza, kila kijana ashike ujuzi mmoja aujue barabara, uwe wa umeme, wa hesabu za biashara, wa ubaharia au wa ushoni. Nusu nusu za mambo kumi hazimlishi mtu.

Pili, madrasa zetu nyingi hubaki tupu baada ya isha. Wanafunzi wa chuo tujitolee saa mbili kwa wiki kuwafundisha wadogo zetu hisabati na Kiingereza. Mateka wa Badr walifundisha kumi kumi. Sisi tumeshindwa na watano?

Tatu, akina mama wanaouza mahamri, kaimati na sambusa jioni hizi za Ramadhani wasaidiwe kuweka hesabu. Mali bila daftari huisha bila habari. Mama akiandika unga, mafuta na makaa, atajua kitu gani kinamlipa na kipi kinamla.

Nne, mabinti wasitolewe shule kwa kuwa karo haikutosha wote. Ukimtoa yeye umetupa nusu ya mtaji wa nyumba, na walimu wa kwanza wa watoto wako wa kesho ni wao.

Tano, ndugu zetu walioingia katika unga tusiwatupe. Kila mmoja wao ana mikono na akili. Anayetibiwa akarudi kazini ni mtaji uliookolewa, na kabla ya hayo yote ni mtoto wa mtu.

Sita, sadaka zetu za mwezi huu zisiishie kwenye sahani ya futari peke yake. Kumfuturisha aliyefunga kuna thawabu kubwa, na tusiache. Lakini kila mtaa ukitenga fungu la karo ya ufundi kwa kijana mmoja tu, Ramadhani ijayo kijana huyo atakuwa upande wa wanaofuturisha.

Mwenyezi Mungu azikubali funga zetu, atupe elimu yenye manufaa na riziki ya halali, na awarehemu wazee wetu waliotubeba mgongoni. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.