Haki ya Mgonjwa wa Kisukari

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, mlio hapa Mashewa nanyi mnaotusikiliza kwa njia ya redio, leo twataka kusema juu ya maradhi ya kisukari, na hasa juu ya njia anayoipita mgonjwa hata akaifikia dawa.

Wako wanaodhani kwamba haya ni maradhi ya matajiri wa mjini. Uchunguzi uliofanywa nchini mwaka 2012 ulionyesha kwamba katika kila watu mia wa umri wa miaka 25 hadi 64, wapatao tisa walikuwa nayo. Basi katika safu hizi zetu wamo.

Mtu wa kwetu huanzia zahanati. Akizidiwa hupelekwa Magunga, Korogwe; kisha Bombo, Tanga; na mwisho Muhimbili, Dar es Salaam. Katika mji mkubwa macho yana siku yake, figo zina siku yake, na vidonda vya miguu vina mlango mwingine. Kila daktari huandika karatasi yake, na mwenye kuzichukua karatasi zote hizo ni mgonjwa mwenyewe, ambaye nuru ya macho imeanza kumpungukia. Aliye na jamaa mwenye gari na simu hufika kote. Asiye naye hurudi kijijini baada ya mlango wa kwanza, kwa kuwa nauli imekwisha.

Dawa ya insulini iligunduliwa Toronto, nchi ya Kanada, mwaka 1921. Wagunduzi wake waliikabidhi haki yao kwa chuo kikuu cha mji ule kwa dola moja moja, isije ikawa mali ya wachache. Hawakuwa Waislamu, lakini jambo hili walilifahamu vema kuliko baadhi yetu.

Nasi wa mimbari tuna deni. Mwaka mmoja, katika khutba ya kuukaribisha mwezi wa Ramadhani, tuliwakemea vikali wanaokula mchana, wala hatukuwataja wagonjwa. Mzee mmoja wa safu ya mbele akafunga, akaacha na sindano zake. Siku ya nne aliokotwa hana fahamu. Alipozinduka alituambia: "Nilikusikia, Shehe, nikaona haya." Ruhusa ya mgonjwa i wazi katika Sura ya Al-Baqara, nasi tuliificha kwa kunyamaza.

Kwa hiyo tumeafikiana na wazee wa msikiti mambo machache. Sehemu ya sadaka ya Ijumaa itakuwa nauli ya wagonjwa. Kila mgonjwa atapewa daftari moja, na kila daktari, awe wa zahanati au wa Muhimbili, aombwe aandike humo humo. Kijana anayesoma atafuatana naye. Asiye na friji aiweke insulini ndani ya chungu cha udongo kilichozungushiwa mchanga wa majimaji, kivulini. Na kila mmoja atiapo udhu azitazame nyayo zake, maana kisukari huua hisia, na mwiba hukaa mguuni siku nyingi pasipo mtu kujua.

Ama Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa mwaka 2023, tutamwomba mtendaji wa kata aje atueleze maskini wetu wataandikishwaje.

Baada ya sala, mwenye maradhi haya, au mwenye mzazi aliye nayo, na abaki upande wa birika. Daftari zipo, na kalamu ipo.