NAMBARI YA HITILAFU NI SHAHIDI, SI HAKIMU
Mazungumzo kwa mafundi, madereva na wasimamizi wa mitambo ya ujenzi



Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Mtambo wa ujenzi wa siku hizi, uwe greda, katapila, ekskaveta au shindilia, nao huonesha mawingu yake mapema. Taa huwaka mbele ya dereva, na katika kioo hutokea nambari. Asiyeijua lugha ya nambari hiyo hufanya moja kati ya makosa mawili: ama huipuuza na kuendelea na kazi mpaka injini ikaharibika, ama huagiza kihisi kipya ambacho hakikuwa na haja. Makosa yote mawili humrudia mwananchi. Fedha ya umma hutumika pasipostahiki, barabara iliyochimbwa hubaki na kifusi, masika huingia, na watoto huenda skuli kwa kuvuka tope.

Kihisi ni kifaa kidogo kinachopima joto, shinikizo au mwendo, kisha kupeleka habari hiyo kwa kompyuta ya mtambo kwa njia ya umeme. Vihisi vingi vya shinikizo hupewa volti 5, navyo hurejesha jibu lililo baina ya nusu volti na volti 4 na nusu. Jibu likitoka nje ya mipaka, kompyuta huandika hitilafu. Lakini inafaa ifahamike vyema kwamba kompyuta haikioni kihisi chenyewe. Inachokiona ni umeme unaoifikia tu. Baina yake na kihisi pana waya, plagi, pini na erthi, na chochote kati ya hivyo chaweza kuwa ndicho chenye kasoro. Kwa sababu hiyo nambari ni shahidi aliyesikia kelele nyuma ya mlango. Ushahidi wake una thamani kubwa, lakini hukumu hutolewa baada ya kupima.

Katika mitambo mingi, kompyuta huzungumza kwa mtandao wa CAN, ambao kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliutangaza mwaka 1986. Utaratibu wa J1939 unaotumia mtandao huo hugawa nambari ya hitilafu sehemu mbili. Ya kwanza, SPN, hutaja kinacholalamikiwa: 100 ni shinikizo la oili ya injini, 110 ni joto la maji ya kupozea injini, na 190 ni mwendo wa injini. Ya pili, FMI, hutaja aina ya malalamiko. Wengi husoma sehemu ya kwanza na kuiacha ya pili, ilhali ya pili ndiyo inayoonesha njia.

FMI 0 maana yake ni kwamba kipimo ni sahihi na kimepanda kupita kiasi. FMI 1, kimeshuka kupita kiasi. Hapo kihisi kinasadikiwa, na anayeumwa ni mtambo. FMI 3 ni volti iliyo juu mno, FMI 4 ni volti iliyo chini mno, na FMI 5 ni mkondo mdogo mno au njia ya umeme iliyokatika. Hizi tatu ni habari za umeme, na mara nyingi injini yenyewe ni nzima. FMI 2 ni jibu linaloyumba au lisiloaminika, na mara nyingi hutokana na plagi iliyolegea.

Ichukuliwe mfano wa greda linalosawazisha kifusi. Taa inawaka, na kioo kinaonesha SPN 110, FMI 3. Dereva anasema injini imechemka. Fundi anapoangalia, maji yamejaa na injini haijapata joto la kawaida. Nambari haikusema kwamba injini imechemka. Imesema kwamba volti ya kihisi cha joto imepanda. Kihisi hicho huwa na waya mbili, na ukinzani wake hupungua kadiri joto linavyoongezeka. Njia ikikatika, kompyuta huona volti zote 5.

Hatua inayofuata ni rahisi, pale kitabu cha mtengenezaji kinapoiruhusu. Fundi huzima mtambo, huchomoa plagi ya kihisi, huunganisha kwa kipande cha waya pini mbili za upande wa waya za mtambo, kisha hufungua swichi bila ya kuwasha injini. Nambari ikigeuka kuwa FMI 4, waya na kompyuta vimeshuhudiwa kuwa vizima, na kosa limo katika kihisi au pini zake. Ikibaki FMI 3, waya imekatika njiani, na kihisi kipya hakitasaidia kitu. Iwapo hitilafu ilianza na FMI 4, plagi huchomolewa tu: ikigeuka FMI 3, kihisi ndicho kibovu, ikibaki FMI 4, waya imegusa erthi mahali fulani. Katika mitambo mingi ya Komatsu, jozi hii hii huandikwa CA144 kwa volti ya juu na CA145 kwa volti ya chini. Kazi hii ni ya dakika chache, ilhali kihisi cha kuagizwa husubiri meli.

Hali huwa nyingine kabisa inapotokea SPN 100, FMI 1. Hapo shinikizo la oili limeshuka, na injini izimwe papo hapo. Kiwango cha oili kikaguliwe, kisha shinikizo lithibitishwe kwa geji ya kufunga kwa mkono. Kukata waya ya king'ora ili kazi iendelee ni kumziba mdomo anayepiga kelele za moto.

Zikitokea nambari nyingi kwa pamoja, vihisi vyote haviwezi kudhaniwa kuwa vimekufa siku moja. Kitafutwe kinachovishirikisha: betri, fyuzi, erthi, au njia ya volti 5 ambayo kihisi kimoja kibovu huweza kuivuta chini. Katika mtambo wa volti 24, betri mbili zilizojaa huonesha kiasi cha volti 25 injini ikiwa imezimwa. Waya mbili za mtandao wa CAN, umeme ukiwa umekatwa, hupaswa kuonesha ukinzani wa karibu omu 60. Zikionesha 120, upande mmoja umepotea.

Visiwani, adui mkubwa ni chumvi. Upepo wa bahari huingia katika plagi zisizofungwa sawasawa na kuota kutu ya kijani kwenye pini. Hivyo basi, waya zisitobolewe kwa sindano ya kupimia, kwani tundu hilo ni mlango wa chumvi. Maji ya kuoshea yenye nguvu yasielekezwe kwenye plagi. Aidha, kabla ya kuchomelea chuma, betri itenganishwe, kompyuta zichomolewe kama kitabu kinavyoelekeza, na kibanio cha erthi kiwekwe karibu na mahali panapochomelewa.

Nambari zote ziandikwe daftarini pamoja na saa za mtambo kabla ya kufutwa. Kuifuta nambari bila ya kutengeneza ni sawa na kulifuta jina la mgonjwa katika daftari la hospitali. Jina hutoweka, maradhi hubaki.

Kwa watumishi wanaoidhinisha ununuzi wa vipuri, iko haja ya kuuliza mambo matatu kabla ya kutia saini: nambari kamili ni ipi, sehemu zote mbili, fundi alipima nini, na kipimo kilisomaje. Fundi aliyepima hujibu mara moja. Asiyepima arejee kwenye mtambo na multimita yake, na huenda akakuta kwamba kilichohitajika ni kusafisha pini, na greda likarudi barabarani jioni ile ile.