Adui wa redio si mvua peke yake



Leo nataka tuzungumzie chombo kinachotukutanisha kila wiki, yaani redio ndogo ya betri. Huku mjini redio hukaa kabatini. Lakini kule Soitsambu, tarafa ya Loliondo, wilayani Ngorongoro, redio hutembea. Hutoka bomani alfajiri pamoja na ng'ombe, ikining'inia shingoni mwa mchungaji, na jioni hurudi nao. Huko ni nyanda za juu, na alfajiri baridi ni kali.

Wengi hudhani kinachoua redio ni mvua. Mvua tunaiona na kuikimbia. Mwizi hodari ni unyevu, maana huingia bila kubisha hodi. Toa chupa ya soda kwenye friji, uiweke mezani. Mara itatoka jasho. Maji yale hayakuvuja kutoka ndani. Ni mvuke wa hewani uliogusa kitu cha baridi ukageuka maji. Redio iliyotoka kwenye baridi ikiingizwa ghafla katika nyumba yenye moto na sufuria inayochemka, nayo hutoka jasho, tena ndani kwa ndani. Nyaya hushika kutu, na spika yenye karatasi hulegea na kukwaruza.

Je, tufanye nini? Kwanza, redio ikitoka kwenye baridi, iache ndani ya chombo chake kilichofungwa mpaka ipate joto la nyumba, ndipo uifungue. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini kopo au kindoo chenye mfuniko unaobana kinafaa zaidi. Tia humo vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya, hunyonya unyevu. Viweke mbali na watoto.

Pili, betri, au mawe kama tuyaitavyo. Wapo wanaoyaanika juani yakiisha ili yapate uhai wa siku mbili. Betri iliyochoka huvuja, na maji yake hula vyuma vya redio. Ikiisha, itoe. Redio ikikaa bila kutumika, itoe pia.

Tatu, redio ikilowa usiiwashe kujaribu kama imepona. Zima, toa betri, fungua kifuniko, uiweke kivulini penye upepo kwa siku mbili au tatu. Usiiweke jikoni karibu na moto. Plastiki itapinda kabla maji hayajakauka.

Hata sisi waandishi tunaobeba vinasa sauti vijijini tunabanwa na kanuni hizo hizo. Maneno ya mzee yakipotea, hayasemwi tena vile vile.

Mtasema, redio ni bei gani hata tuhubiriwe? Kumbukeni mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwafundisha wananchi kwa vikundi vya kusikiliza redio. Redio ya kikundi ikinyamaza, somo la wiki hiyo limepita. Na leo, mfugaji aliye mbali na barabara akikosa tangazo la chanjo, hasara si ya redio, ni ya zizi zima.

Basi wewe uliye mjini, ukimpelekea mzazi redio, mpelekee na kopo lenye mfuniko. Kinga ni bora kuliko tiba.

Kwaherini, mpaka wiki ijayo.